Unyayo Ulioishia Kwangu

Kila mnaponikuta hapa Kamunyonge, Musoma, swali ni lile lile: Masatu, kanga wako wapi? Nakubali kwamba niliaga kwa mbwembwe. Niliwaahidi mchuzi, na wengine mkasema mtakuja na sahani zenu mkononi. Nimerudi nachechemea, sina hata unyoya mmoja, na kila aliyeuliza nimemjibu tutaongea. Sasa nimechoka kuongea vipande vipande. Naandika yote mara moja, msome, kisha mniache nitengeneze friji za watu.

Nilikwenda kuwinda kanga juu ya farasi, mimi ambaye sikuwahi kupanda hata punda. Kabla hata ya kumwona kanga nikajikuta nawinda ng'ombe wawili wa kulimia wa mama mkwe wangu, walioibwa zizini mvua zikiwa zimeshaanza. Bila ng'ombe wale mama yule hana shamba. Mambo ya vibali na leseni ya bunduki naruka; yalikamilika, na hayana utamu wowote.

Kamunyonge hadi Bunda, barafu ikiyeyuka

Aliyenitia katika safari hii ni Wambura, mdogo wake mke wangu. Huyu shemeji alifanya kazi Arusha miaka mingi, kwenye shamba moja la farasi wa watalii. Shamba lilipofungwa, wenzake walirudi makwao na mabati na televisheni. Yeye alirudi Butiama na farasi wawili wazee. Dume jeupe linaitwa Tajiri, jike la kahawia linaitwa Bibi. Anawakodisha kwa maharusi, bibi harusi akae juu apigwe picha, na katikati ya harusi na harusi wanakula nyasi nyumbani kwa mama yake.

Mwezi ule walikuwa Bunda kwa sherehe, na ilibidi warudishwe Butiama. Wambura akaona badala ya kutafuta lori tuwapande wenyewe, tupite porini taratibu, tukitafuta kanga njiani. Akanipigia simu. "Bibi ni mpole, shemeji," akaniambia. "Hatupagi mtu." Nikakubali kabla sijafikiri, kwa sababu wateja wawili walikuwa wamesimama dukani wakinisikiliza na sikutaka kuonekana mwoga. Usiku wake sikulala vizuri.

Mke wangu hakunikataza. Alinipa onyo moja tu, tena mara mbili: nisije nikapita mbele ya mama yake nimekaa juu ya mnyama. Mnajua heshima ya mkwe ilivyo kule kwao. Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe hajanishika mkono, hajala nami sahani moja, wala hajawahi kulitaja jina langu. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mtu mwingine, hata kama nimesimama hatua mbili kutoka alipo: mwambieni mkwe chakula kiko tayari, mwambieni mkwe asinyeshewe. Nami ninajibu kwa njia hiyo hiyo, nikiangalia chini. Nilimwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, nikabaki na wasiwasi mimi.

Nilipata lifti ya gari la barafu la mteja wangu mmoja aliyekuwa anaipeleka Bunda. Tulipita Makutano vizuri, lakini kabla ya Kiabakari rejeta ikaanza kutoa moshi, na pale Kiabakari tukakwama. Dereva akalala chini ya gari na spana zake, nami nikakaa kwa mama mmoja anayeuza viazi vitamu na maziwa mgando kando ya barabara. Maji ya barafu yakawa yanatiririka kutoka nyuma ya gari hadi mtaroni, na kuku wakaja kunywa.

Yule mama aliuliza ninakwenda wapi na begi la nguo na kofia mpya. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia yeye amewahi kuona farasi mara mbili maishani, mara moja amebeba bibi harusi na mara ya pili amebeba askari kwenye gwaride, akataka kujua mimi ni yupi kati ya hao. Aliniongeza kiazi bila kunidai, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kiazi kilikuwa kitamu.

Tuliingia Bunda jua likizama, barafu iliyobaki ikiwa ya kujaza ndoo chache.

Bunda: ninapanda

Asubuhi Wambura alinipeleka nyuma ya nyumba ya wenyeji wake, chini ya mlima wa Balili, na ndipo nilipomwona Bibi kwa karibu. Jamani, farasi ni mkubwa. Kwenye picha anakuwa mdogo kwa sababu mnamtazama bibi harusi. Meno yake ni marefu kama vidole vyangu, na anapokutazama anakutazama kwa jicho moja, kisha anageuka akuhakikishe kwa la pili. Mkia wake bado ulikuwa umefungwa utepe wa waridi wa harusi. Nilimwomba Wambura autoe. Akasema mafundo yake yamekaza, tutayakata tukifika.

Kumpanda kulinishinda mara tatu. Mwisho tulimsogeza kando ya kichuguu, nikapanda kichuguu kwanza, kutoka hapo nikajivuta hadi kwenye tandiko. Wambura alinionyesha hatamu, kwamba ukivuta anasimama na ukilegeza anakwenda. Nikamuuliza nikitaka kushuka nifanyeje. Akasema tutatafuta kichuguu kingine. Sikuyapenda majibu hayo, lakini nilikuwa nimeshafika juu.

Hatujatoka hata uani simu yake ikalia. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Zizi la mama lilikuwa limevunjwa alfajiri. Ng'ombe wake wawili wa kulimia, Simba na Doa, hawapo. Yowe limeshapigwa, watu wametoka, na wanafuata unyayo ambao unateremka kuja upande wetu, kati ya Butiama na Kiabakari.

Wambura aliishusha bunduki begani, akatoa risasi zote akazitia mfukoni. "Kanga basi, shemeji," akasema. "Sasa tunawinda ng'ombe."

Mimi ni mtu wa ziwani, baba yangu alivua sangara, na katika nyumba tuliyokulia hapakuwa na hata mbuzi. Kwa hiyo Wambura alinieleza njiani jambo ambalo kila mtoto wa kule analijua. Ng'ombe akiibwa, hafuatwi mwizi, unafuatwa unyayo. Unyayo ukiingia kijiji kingine, wafuataji hawaendelei kiholela. Wanasimama mpakani, wanawaita viongozi wa kijiji kile, wanawaonyesha kwato zinavyoingia kwao. Hapo kijiji kile kinapokea. Wakishapokea, unyayo ni mzigo wao: wawatoe ng'ombe, au waonyeshe kwato zinavyotoka kwao kwenda kwa wengine. Wakishindwa yote mawili, wanachanga kijiji kizima na kumlipa mwenye ng'ombe.

"Kwa hiyo mama atapata," nikasema.

"Unyayo ukifika, atapata," Wambura akajibu. "Usipofika, hana kitu."

Nilimuuliza kama mama ana jembe la mkono. Akasema tu kwamba goti la mama halipindi vizuri siku hizi.

Porini, kuelekea Kiabakari

Tuliiacha lami tukaingia njia za ng'ombe, mashamba ya pamba huku na huku, na mbele yetu mawe makubwa yaliyobebana. Wambura alitaka kwenda mbio. Mimi nilimwomba Mungu tusiende mbio. Tulikubaliana mwendo wa katikati, ambao kwa farasi ndio mbaya kuliko yote, maana unarushwa juu na unapokewa chini kila hatua. Mapaja yaliungua. Nilishika hatamu kwa mkono mmoja na manyoya ya shingo kwa mkono wa pili, nikawa nahesabu miti ambayo ningeweza kuidaka kama ningerushwa.

Lakini hofu ya kuanguka haikuwa peke yake. Nilikuwa nawaza tunakutana na wezi wenyewe, wana mapanga, na sisi tuna bunduki isiyo na risasi ndani na farasi mwenye utepe wa waridi. Nilimweleza Wambura. Akasema wezi wakituona ndio watakaokimbia. Nilitamani kumwamini.

Kwenye shamba moja la pamba wanawake waliokuwa wanapalilia walituona, wakaacha majembe wakaja mbio barabarani wakipiga vigelegele. Walitaka kujua bibi harusi yuko nyuma kiasi gani. Wambura alipowaambia tunatafuta ng'ombe walioibwa, vigelegele vikakatika na mmoja akashika kiuno. Hawakuwa wameona kitu. Walituombea, wakatazama utepe, na nikasikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba huenda bibi harusi ndiye aliyeibwa.

Mbele kidogo ikawa kinyume. Watu waliokuwa wanachoma tofali waliona bunduki mgongoni kwa Wambura, wakatoweka wote vichakani, moto wao wakauacha unawaka. Ilibidi Wambura asimame na kupaza sauti ajitaje yeye, mama yake, na babu yake, mpaka mzee mmoja akatoka. Mzee yule alituhurumia. Akatupa uji wa mtama kwenye kibuyu, na akasisitiza kwamba Bibi naye apewe ugali uliobaki jana, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Bibi aliula. Mimi niliunywa uji juu ya farasi, kwa sababu hapakuwa na kichuguu karibu. Nusu ilimwagika kifuani.

Yule mzee ndiye aliyetupa habari. Alikuwa amesikia yowe ng'ambo ya kijito, upande wa juu, na watu wamesimama huko. Kama wamesimama, maana yake unyayo umefika mpakani. Kijiji ambacho ungeingia ndicho hicho tulichokuwa tunapita, na viongozi wake walikuwa wameshaitwa. Sitakitaja jina, maana hakikutukosea kitu.

Wambura alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya Kiabakari, lakini unyayo ulikuwa umefika. Alitaka kupita kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, ajitambulishe kama mtoto wa mwenye ng'ombe. Akaniambia nitangulie polepole na njia ile ile hadi kijitoni, Bibi anajua kufuata njia. Nikamwambia sitaki kutangulia peke yangu. Akasema ni pale tu, naona watu wale kule, si mbali.

Kijitoni

Kijito kilikuwa kikavu, mchanga mtupu, na njia ya ng'ombe ilishuka ukingo mmoja na kupanda mwingine. Ng'ambo niliona watu wengi wenye fimbo na mikuki, wamekaa kando kando ya njia. Nilifarijika kuwaona. Niliposogea wakasimama wote, wakaanza kupunga mikono juu na kuita.

Nikadhani wananisalimu. Niliona ni vibaya kutoitikia, mkwe wa watu nimekuja, nikaachia yale manyoya ya shingo nikapunga mkono na mimi. Wakapunga zaidi. Na mimi nikapunga zaidi. Wengine wakaanza kuruka. Nikaona hawa watu wamenifurahia kweli, nikalegeza hatamu ili niwafikie, na Bibi akateremka mchangani.

Katikati ya mchanga palikuwa na beseni la plastiki, la bluu, limegeuzwa chini juu, na vijiti vimechomekwa kuuzunguka mstari wa kwato unaokuja kutoka ng'ambo. Sasa naelewa, na ninyi mnaelewa. Mchanga unafuta haraka, na mvua ilikuwa inakuja, kwa hiyo walichagua kwato zilizochapika vizuri kuliko zote, kwato za Doa ambaye ukucha wake mmoja umepasuka, wakazifunika kwa beseni ziwasubiri viongozi. Ule ndio ulikuwa ushahidi. Mimi niliona beseni, nikajiuliza nani ameacha beseni zuri hivi kijitoni.

Upepo wa mvua ukavuma. Beseni likainuka upande mmoja, likapiga mchanga.

Bibi amebeba maharusi, amesikia tarumbeta na fataki, lakini beseni linaloinuka lenyewe alikuwa hajaliona. Alisimama kwa miguu ya nyuma. Nilikumbatia shingo yake kwa mikono miwili na nikafumba macho. Alipotua alitua juu ya beseni, nikasikia linapasuka, na sauti ya kupasuka ikamtisha upya, akalikanyaga tena, akazunguka, akalikanyaga, akateremka na njia akapanda na njia, vijiti vyote vikalala. Nilivuta hatamu kwa nguvu zangu zote. Aliposimama, chini yetu mchanga wote ulikuwa umechimbwa na kwato za mviringo zisizo na mgawanyiko.

Ng'ambo hakuna aliyekuwa anapunga tena.

Wambura alifika akimvuta Tajiri, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na wazee wanne hivi, wakikimbia. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa koti la mvua la njano. Alizunguka mchanga taratibu, akainama, akapima kwa kiganja, akainua kipande cha beseni akatazama chini yake. Kisha akaongea bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sisi hatukatai unyayo," akasema. "Baba zetu walikuwaga wanapokea, na sisi tunapokeaga. Lakini nionyesheni wa kupokea."

Wafuataji wakamwapia kwamba wameuona, ulikuwa pale, ukucha uliopasuka na yote. Akasema anawaamini, ila hawezi kwenda kuwaambia watu wake wachange ng'ombe kwa unyayo wa farasi. Wakatafuta kando kando ya kijito, juu na chini, nikiwatazama kutoka kwenye tandiko. Upande wa huku, njia nzima niliyojia mimi, Bibi na Tajiri walikuwa wameipondaponda. Tulikuja kuwatafuta ng'ombe wale tukiwakanyagia nyayo zao mguu kwa mguu.

Ndipo kiongozi wa wafuataji akanigeukia. Anaitwa Mzee Magesa, jirani ya mama mkwe, mrefu, sauti yake ya chini.

"Mura," akaniambia, kama wanavyomwita kijana kule, "unyayo ukifutwa, unaishia kwa aliyeufuta. Umeishia kwako."

Hakunitukana na hakuna aliyecheka. Kwa sheria yao maana yake ni moja: mtu ambaye unyayo umeishia kwake ndiye anayelipa, na asiyelipa jina lake linabaki pamoja na la mwizi. Niliwaza mke wangu, watoto wangu ambao ni wajukuu wa nyumba ile. Niliogopa, ndugu zangu, kuliko nilivyoogopa farasi.

Watu wakapisha njia, na hapo ndipo nilipomwona mama mkwe. Kumbe alikuwepo tangu mwanzo. Alikuwa ametembea na wafuataji kutoka Butiama, wa mwisho kabisa, na goti lake lile, na alikuwa amekaa juu ya jiwe nyuma yao, fimbo mapajani. Na mimi niko juu ya mnyama mbele yake, juu ya kichwa chake, mwenye utepe wa waridi mkiani. Onyo la mke wangu likanijia lote. Nikataka kushuka, na sikujua kushuka.

Alisimama akageuza uso pembeni, kama anavyofanya siku zote. "Mwambieni mkwe ashuke," akasema. "Jua limemchoma."

Wakaniambia. Nikajibu, nikiangalia shingo ya Bibi, kwamba nahitaji kichuguu. Hapo baadhi wakashindwa kujizuia wakacheka, na Wambura akaja akanivuta mguu nikaanguka mikononi mwake kama gunia. Nikasimama chini nimeinamisha kichwa.

Mama akasogea katikati ya mchanga, kati ya wazee wa huku na wa kule. Akamuuliza Mzee Magesa ng'ombe ni wa nani. Akajibiwa ni wako, mama. Akauliza na huyu aliyefuta ni wa nani. Hapo akajijibu mwenyewe.

"Ni wa kwangu," akasema. "Basi unyayo umetoka kwangu na umeishia kwangu. Mtu wa kwangu halipi kwangu. Twendeni nyumbani, mvua inakuja."

Mwenyekiti wa koti la njano alivua kofia. Ng'ombe walikuwa wake, na ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kuliacha jambo, na alikuwa ameliacha. Kwa maneno yale machache alikinusuru kijiji kizima kisichoweza kuonyeshwa kosa, akaninusuru mimi, na akawapoteza Simba na Doa. Matone ya kwanza yalitua mchangani kabla hatujapanda ukingo.

Butiama

Tulikwenda Butiama kwa miguu, sote. Wambura alimbembeleza mama apande Tajiri, akakataa. Mimi sikubembelezwa kupanda wala nisingekubali. Nilimshika Bibi kwa kamba na kutembea nyuma kabisa, nikinyeshewa, nikitazama mgongo wa mama mkwe na fimbo yake ikizama kwenye tope. Hakugeuka hata mara moja. Jioni ililetwa sahani ya ugali na mlenda mahali nilipokaa, na mtu akaniambia mama anasema mkwe ale ashibe. Nililia kidogo, na sioni haya kuandika.

Ilikuwa nirudi Musoma kesho yake. Sikurudi. Nilipoamka nilimwona mama ameshafika shambani, jembe la mkono mikononi, anachimba mistari akiwa ameegemea mguu mmoja. Alikuwa anapiga jembe, anapumzika, anapiga. Shamba lile ng'ombe walikuwa wanalimaliza kabla ya jua kuwa kali, na baadaye wanakwenda kulima la majirani, na hapo ndipo alipokuwa anapata chumvi na sabuni. Mvua ilikuwa nzuri. Majirani wote walikuwa wanalima, na wenye ng'ombe walikuwa na mashamba yao ya kumaliza.

Wambura alikuwa amekaa kwenye ukuta wa zizi tupu. Nilikaa naye. Miaka yote amewaapia watu kwamba farasi wake si punda, hawatavuta kitu, watabeba maharusi tu mpaka wafe. Watu wamewahi kumwomba wavute mkokoteni wa maji, akakasirika. Nilikuwa na wazo, lakini nilihofia kulisema, kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia mama yake. Akalisema yeye.

"Nira ya ng'ombe haiwafai," akasema. "Itawakaba shingo."

Nikamwambia tunaweza kushona mkanda wa kifuani. Tukatafuta mpira wa ndani wa tairi la trekta, magunia, na kamba za katani. Tulishona kutwa nzima, tukawavalisha, tukakata, tukashona upya. Bibi alikula kipande cha gunia. Lile fundo la utepe mkiani nililikata kwa kisu kile kile cha kushonea.

Kesho yake watu walijaa kando ya shamba kuliko siku ya harusi. Tajiri alikataa kwanza, akarudi nyuma mpaka plau likaanguka. Wambura alizungumza naye sikioni, kwa maneno aliyoyatoa Arusha, mpaka akatulia. Mimi nilitangulia mbele nimeshika kamba ya Bibi, kwa miguu yangu miwili, mahali ambapo ningetakiwa kuwa tangu mwanzo. Mama mkwe alikuja akamwondoa Wambura kwenye mikono ya plau, akaishika yeye.

Mstari wa kwanza ulipinda vibaya. Wa pili ulipinda kidogo. Udongo ulikuwa unafunguka mweusi, na kundi la kanga, kanga wenyewe hao mnaowadai, walitoka vichakani wakaja kudonoa nyuma yetu, wasiogope mtu. Bunduki ilikuwa imefungiwa ndani. Niliwageukia kuwatazama, nikamsahau Bibi, naye akaona majani mabichi ukingoni akaanza kuvutia huko, plau likalalia upande, na goti la mama likayumba.

"Masatu," akaita nyuma yangu. "Mshike."

Watu wote kando ya shamba walinyamaza, maana kila mmoja wao alisikia. Sikugeuka, heshima hainiruhusu. Nilikaza kamba, nikamrudisha Bibi kwenye mstari, tukaendelea.